Melini Hakuna Mkwe

Nakumbuka asubuhi moja katika bandari ya Dar es Salaam, baba yangu amesimama juani na koti lake zito la baridi ya Daudi, kijiji chetu cha milimani, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, jasho linamtiririka na hataki kulivua. Watu walikuwa wanamcheka. Nilitaka kumwambia, lakini katika nyumba yetu binti hakumwelekeza baba yake namna ya kuvaa. Mwanangu, naanzia kwenye koti kwa sababu umeniuliza ufungashe nguo gani kwa ajili ya hiyo meli yenu ya starehe. Nguo nitakwambia. Nguo ni jambo dogo.

Nani angeota mtu wa Mbulu anapanda meli kwa starehe? Siku zile tulisafiri kwa msiba, kwa harusi au kwa hospitali. Ukifunga safari bila mojawapo ya hayo, majirani walidhani umegombana na ndugu zako. Mkoa wetu ulikuwa bado haujaitwa Manyara, tulikuwa chini ya Arusha. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, na malori ya wanunuzi yakawa yanapanda mpaka kwetu kufuata vitunguu saumu. Baba alikuwa na shamba zuri bondeni, na mwaka ule alivuna sana. Badala ya kuongeza ng'ombe, kama kila mwenye akili alivyofanya, akatangaza kwamba tunakwenda kuona bahari.

Sababu ilikuwa wifi yangu Yulita. Alikuwa mke wa kaka yangu, binti wa Mogitu kule Hanang, mcheshi kweli akiwa na sisi wanawake jikoni, lakini bubu akisikia kikohozi cha baba. Mama yetu alipougua kwa muda mrefu, Yulita ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza kitandani, aliyemnywesha uji kwa kijiko mpaka akafumba macho. Baba aliyaona yote hayo. Ila katika nyumba yetu, kama katika nyumba nyingi za milimani wakati ule, mkwe na baba mkwe hawakuzungumza ana kwa ana. Yulita hakula mbele yake. Hakupita mbele yake akielekea chooni. Habari za mwili wake hazikufika masikioni mwa baba ila kupitia kwa mume. Sasa mzee atamshukuruje mtu ambaye hawezi hata kumwita? Akaamua kumpeleka baharini. Safari ile ilikuwa shukrani, mwanangu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Kaka alibaki na mifugo kwa sababu ng'ombe wawili walikuwa karibu kuzaa. Mimi nilikuwa bado sijaolewa, nikachukuliwa niwe mdomo kati ya wale wawili.

"Mwulize kama ameshiba," baba alisema huku akitazama nje ya dirisha la basi.

Nilimwuliza. "Mwambie nimeshiba," Yulita alininong'oneza, na mandazi yake yalikuwa bado yamefungwa kwenye gazeti.

Kutoka Mbulu mpaka Dar es Salaam tulilala njiani, Arusha. Kutwa nzima Yulita hakunywa maji, asije akalazimika kuomba basi lisimame na baba mkwe yupo. Arusha alilala amejikunja. Nikamwuliza ana nini, akasema ni uchovu wa basi. Kumbe tumbo lilikuwa limeshaanza kumkata upande mmoja, chini. Hilo tulikuja kulijua tukiwa tayari katikati ya maji.

Haya, meli ya kwenda Unguja. Asubuhi ile baba alitushindilia supu na chapati zenye mafuta, akidhani safari ndefu inataka tumbo zito. Hilo ni kosa la kila mgeni wa bahari. Tulipotoka kwenye maji matulivu upepo ukatupokea, na kabla pwani haijapotea machoni nilikuwa nimeinamia mfuko wa plastiki. Sisi watu wa mlimani tumezoea ardhi inayotulia mahali pake. Karibu kila abiria alikuwa anatapika, na Yulita naye akatapika. Nani angejua kwamba kutapika kwake si kama kwetu? Alikuwa amejifunika kitenge kichwani, amegeukia ukuta. Baba alikuwa amekaa karibu tu, amegeuza uso upande wa pili. Alikuwa anamheshimu mkwe wake, na mkwe alikuwa anamheshimu yeye. Wakaheshimiana hivyo mpaka midomo ya wifi yangu ikawa myeupe.

Aliyegundua ni bibi mmoja mzee wa Pemba, aliyekuwa akipita kugawia watu ndimu za kunusa. Alimfunua Yulita kitenge, akamshika shavu, wakanong'onezana. Kisha akamwekea mkono tumboni, na Yulita akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Huyu ana nani humu?" bibi aliuliza.

Baba akaniangalia mimi. "Mwambie ni mkwe wangu."

"Nisemeshe mwenyewe, baba, masikio ninayo. Huyu ni mja mzito, na tumbo linamkata tangu huko Arusha. Haya si mawimbi."

"Mama, sisi kwetu mkwe..."

"Melini hakuna mkwe! Humu sote abiria. Heshima gani hiyo inayomzuia mtu kusema nakufa? Mbebe!"

Baba alimbeba mpaka kwa mabaharia, wakamtafutia mahali pa kumlaza. Alimwita kwa jina mbele za watu, "Yulita, Yulita binti yangu," na yeye, pamoja na hali ile, akawa anahangaika kuufunika uso wake asimtazame.

Alifia hospitalini Unguja siku hiyo hiyo. Daktari alisema mimba ilikuwa imetunga nje ya mji wa mimba, ikapasuka, damu ikamwagikia tumboni. Akasema pia, kwa upole, kwamba maumivu yale yalikuwa onyo, na kama angesema Arusha, au hata Dar es Salaam, angefanyiwa upasuaji na huenda angepona. Baba akamwomba arudie. Daktari akarudia. Tulimzika huko huko, maana mwili usingeweza kungoja safari ya kurudi kwetu, na waliotusaidia kufukia kaburi walikuwa watu tusiowajua. Kaka yangu hakutupa hata konzi moja ya udongo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi methali hiyo inanikera, na nitakwambia kwa nini. Yulita hakuficha kwa ujinga. Alifundishwa kuficha, akasifiwa kwa kuficha, na sifa hizo zilitoka kwetu.

Miaka ilipita, kaka akaoa tena. Mke alipoingia nyumbani, baba alimwambia mbele ya ukoo mzima, "Ukiumwa, njoo uniambie mimi mwenyewe, hata kama nina wageni." Wazee wenzake walinung'unika kwamba akili yake ameiacha baharini. Tangu siku ile, mkwe akimwamkia shikamoo, baba aliitikia marahaba kisha akauliza, "Mwili wako umeamkaje?" na hakunyanyuka kwenye kigoda chake mpaka ajibiwe.

Sasa wewe, mwanangu. Chukua nguo nyepesi, na sweta moja kwa upepo wa baharini, usibebe kabati zima. Asubuhi ya kupanda kula kidogo kisicho na mafuta, lakini usipande na njaa. Kipande cha tangawizi mfukoni hakina uzito. Kichwa kikianza kuzunguka toka nje, tazama mbali pale maji yanapokutana na mbingu, na ukiweza kuchagua, lala katikati ya meli, hapo hutikisika kidogo. Ukishaingia tu, uliza choo kiko wapi, maboya ya kujiokolea yako wapi, na kama kuna daktari au muuguzi. Kuuliza si ujinga. Dawa zako ziwe mkononi, zisiende na mizigo. Na kunywa maji, nakuomba, kunywa maji hata kama utakwenda chooni mara kumi mbele ya wakwe zako wote.

Kabla hujaondoka nenda hospitali upimwe, hasa wewe uliyeolewa juzi. Mweleze mumeo hali yako yote. Na kama wakwe zako watakuwemo humo, waeleze na wao. Heshima si utumwa. Barabarani utashuka na kutafuta zahanati, lakini baharini huwezi kushuka, na aliye karibu nawe ndiye zahanati yako. Hawezi kukutibu ugonjwa asioujua.

Nimemaliza. Mungu wa milima yetu awe pia Mungu wa maji hayo, akutangulie kwenda na kurudi, akulete hapa ukitembea kwa miguu yako. Na ukiumwa humo melini, mwanangu, usiwe na adabu. Piga kelele.