Mwanafunzi Wangu Alisoma Chupa Bila Kukosea

Admini, naomba unifiche. Usiweke jina langu wala la skuli, maana huku kwetu kaskazini ya Pemba mtu akipiga chafya Shumba, Msuka washamuitikia. Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, nimeolewa, nina watoto wawili, na ni mwalimu wa darasa la pili. Wiki ya tatu hii nawaogopa watoto wa darasa langu mwenyewe, na sina wa kumwambia ila nyinyi msionijua.

Niseme ukweli kwanza, mie ni mkali. Watoto wangu wanasoma kuwashinda wa skuli zote za jirani, na kwa hilo nilikuwa najisifu mpaka basi. Njia yangu ni moja: kidole chini ya neno, macho kitabuni, mdomo usisimame. Nagonga rula mezani, wao wanasoma kwa mapigo ya rula. Anayesimama anarudi juu kabisa kuanza upya, na akisimama tena anakula rula ya kiganja. Nami nilifunzwa hivyo hivyo, nikaona mbona sikuharibika.

Darasani nina msichana wa miaka minane, nimwite Mize, si jina lake. Mwanzo wa mwaka alikuwa na tabia ya kusimama. Siku moja tulikuwa tunasoma kisa cha kuku aliyeibiwa vifaranga. Akafika pale kuku hakulala, akasimama, akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini kuku hakulala?" Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikamwambia, "Wewe hukuulizwa usingizi wa kuku, umeambiwa usome. Rudi juu." Darasa zima likamcheka. Akarudi juu, na tangu siku ile hakusimama tena, akawa anateleza tu. Mama yake analima mwani na hajui kusoma. Nilimwambia mbele za watu, "Mwanao huyu sasa hata dawa ya spitali mpe akusomee." Alifurahi mpaka akaniletea pweza.

Basi wiki tatu nyuma maji ya bahari yalitoka mapema, mama akawahi mwani wake. Akamwacha Mize na mdogo wake wa kike wa miaka miwili, ambaye alikuwa na kikohozi. Ndani mlikuwa na chupa mbili za kituo cha afya zilizofanana, moja ya kikohozi, nyengine ya upele, na kila moja imeandikwa kwa mkono. Mama akasema, "Mpe mdogo wako kijiko kimoja cha dawa ya kikohozi. Soma kwanza usije ukakosea."

Mize alisoma. Jirani aliyekuwa anapepeta mchele upenuni anasema alisikia sauti ya mtoto, hakushika maneno, akajua yuko na kitabu chake. Chupa aliyoishika ilikuwa imeandikwa: Dawa ya upele. Kupaka tu. Usinywe. Aliyasoma yote kwa kidole, neno kwa neno, kisha akamimina kijiko akampa mdogo wake.

Mtoto alitapika, degedege likamshika. Walimkimbiza spitali, na alhamdulillahi baada ya siku nne alirudi nyumbani mzima. Lakini siku niliyokwenda kumtazama nilimkuta muuguzi anamuuliza Mize, kwa upole tu, "Kwani hukusoma, mwanangu?" Akajibu, "Nilisoma. Sikukosea hata pahala pamoja." Kisha akanigeukia mie, anataka nimshuhudilie. Nikatazama sakafu, nikasema nina kipindi, nikaondoka.

Hakuna anayenishuku. Lawama zote kabebeshwa mama, kwamba kapenda mwani kuliko watoto. Mumewe kamrejesha kwao na anasema talaka itafuata. Bibi yake Mize, mama wa baba yake, anamwambia mtoto ana mkono mbaya na hamruhusu kumgusa mdogo wake. Mie najua kilichotokea. Mtoto yule alikuwa na akili ya kujiuliza, na akili hiyo nilimtoa mimi kwa rula.

Niliporudi darasani niliifungia rula kabatini. Nikawasomesha ukurasa, wakausoma vizuri kama kawaida yao, nikawauliza mmeelewa nini. Watoto arubaini na saba wakawa wananitazama tu mkono ninaoshikia rula. Nimewaza kila mmoja wao ana nyumba, na nyumbani kuna chupa. Tangu hapo wakianza kusoma kwa pamoja nywele zinanisimama.

Sasa Jumatano ijayo walimu wa skuli nyengine wanakuja kujifunza njia yangu. Mwalimu mkuu kashaagiza asome Mize, eti ndiye uso wa skuli. Nikisema ukweli naogopa kazi, naogopa mume wangu, naogopa kuitwa aliyemlisha mtoto wa mtu sumu. Nikinyamaza, mwanamke mwenzangu anaachwa kwa kosa langu. Nafsi inaniambia ninyamaze, na hilo ndilo linalonitisha kuliko yote.

Juzi nilikwenda nyumbani kwa baba yake Mize. Mize alikuwa amekaa barazani peke yake, mdogo wake anachezea mbali naye. Nikakaa chini, nikakifungua kile kitabu pale pale kwenye kuku, nikamuuliza, "Mize, kwa nini kuku hakulala?" Nilitaka anijibu chochote, hata anitukane. Akautazama mkono wangu. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akausoma ukurasa mzima, hakusimama. Alipomaliza akaniuliza, "Nirudi juu, mwalimu?"

Ndugu zangu, mimi wa kusomesha watoto wa watu nimeshindwa hata kujua pa kuanzia. Niende kwa baba yake, kwa mwalimu mkuu, au kwa mtoto mwenyewe kwanza? Nishaurini kabla ya Jumatano, mie naogopa.