Mzimu wa Uani kwa Adelaïde

Sinema ilipofika Burungu, katika milima ya Masisi, kwa mara ya kwanza, katikati ya miaka ya hamsini, Adelaïde alikuwa mjane. Mume wake, Evode, alikuwa amekufa kwa homa wakati maharagwe yanatoa maua. Adelaïde alibaki katika nyumba ileile pamoja na mama wa marehemu, Mukashema. Walilima mteremko mmoja na kula katika sahani moja, na mazungumzo yao yalikuwa ya jembe na kuni tu. Jina la Evode hakuna aliyelitaja.

Kamyo, lori la sinema, ilikuja Jumapili baada ya misa. Wenye sinema waliziba madirisha ya darasa moja la shule kwa mablanketi, wakatundika shuka nyeupe ukutani. Juu ya shuka ile watu waliona maiti akiinuka kutoka kwenye sanduku lake, suruali fupi, macho meupe. Mabenchi yalianguka. Mwanamke mmoja alianza kusali rozari kwa sauti. Maiti alikwenda moja kwa moja chumbani kwake kulala, akakuta mgeni mnene amelala kitandani, anakoroma. Maiti akashtuka, akajificha chini ya meza, akitetemeka kuliko watu wa darasani.

Hapo watu wakacheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Adelaïde. Alicheka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Mukashema, aliyeketi karibu naye, alisimama akatoka nje.

Jioni Adelaïde alimkuta jikoni, anamenya muhogo.

"Mutoto wangu iko mu udongo," Mukashema alisema bila kuinua kichwa, "na weye unacheka muntu wa sanduku."

"Mama, sikumucheka Evode."

"Ulicheka maiti. Ni kitu ileile."

Adelaïde alichukua kisu akamenya naye. Kicheko kile kilikuwa kimemshangaza yeye mwenyewe, kama mtu anayesikia mlango wa nyumba yake ukifunguliwa na mwingine.

Kesho yake kamyo iliondoka kuelekea Walikale, na watu wakabaki na hamu. Kisimani hakukuwa na habari nyingine.

"Sasa tutaangalia nini?" aliuliza jirani yao, Kanyamibwa. "Wametuonjesha tu, wakaenda."

Adelaïde alikuwa anajaza mtungi wake. "Ule maiti hakupata kitanda," alisema. "Basi alitoka kutafuta kingine. Alipanda mulima, akafika hapa Burungu, akaingia mu nyumba ya mbuzi ya Kanyamibwa."

"Ya kwangu? Akafanya nini?"

"Akasema hodi. Mbuzi wakamujibu."

Watu waliweka mitungi chini. Kuanzia siku ile, kila Jumapili mchana, walikuja uani kwake kusikia mzimu umefika wapi. Adelaïde hakusimulia tu. Alijifunika blanketi, akatembea magoti yamenyooka, akaogopa kuku, akaomba radhi kwa mti. Na kila Jumapili, watu walipoanza kuingia, Mukashema alichukua shali yake akaenda kuketi kanisani peke yake.

Katekista Grégoire alimkuta huko. Alikuwa mtu mtaratibu. Alifika uani, akasikiliza sehemu ya hadithi, hata akatabasamu, kisha akamwita Adelaïde pembeni.

"Dada, kucheka haiko zambi," alimwambia. "Lakini Mama Mukashema analia kule kanisani. Ongea naye kwanza."

Adelaïde aliacha siku ileile. Jumapili zilizofuata watu walikuja, wakaketi kidogo, wakaondoka. Lakini kuongea na Mukashema hakuweza. Kila alipofungua mdomo, alijikuta anauliza habari za chumvi.

Aliyeanza ni Mukashema. Mvua ilikuwa kubwa mchana huo, na wote wawili walikuwa jikoni, chungu cha sombe, majani ya muhogo, kikiwa motoni.

"Ule muzimu yako," alisema, "anaogopa nini tena?"

Adelaïde alimtazama. "Anaogopa kuku, Mama."

Mukashema alisukuma ukuni. "Evode alikuwa anaogopa chura."

"Evode?"

"Mukubwa vile. Siku ya ndoa yenu, chura iliingia mu kiatu yake. Alisimama juu ya kitanda na suti yake yote, akaniita nikaitoe. Akasema, Mama, usimuambie Adelaïde."

Adelaïde alimwona mume wake pale juu ya kitanda, mabega mapana, kiatu kimoja mguuni. Akaanza kucheka, na alipogeuka akaona Mukashema naye anacheka, mabega yakimtikisika. Kisha kicheko cha mama kikavunjika kikawa kilio. Adelaïde alimshika, wakalia pamoja. Waliongea habari za Evode mpaka sombe ikaungua.

Jumapili iliyofuata mzimu uliogopa vyura, na aliyekuwa chini ya blanketi ni Mukashema. Hakujua kuigiza. Alijikwaa kwenye blanketi, akamtukana mtu asiyekuwepo, na watu wakacheka zaidi.

Habari zilifika hata Mpofi, kule Walikale, alikoolewa Constance, dada yake Adelaïde. Aliwatumia ujumbe waje, nao wakapanda kamyo ya wachuuzi wa maharagwe. Mukashema hakuwa amewahi kushuka kutoka milimani. Msituni alishangaa joto, akalalamikia mbu, lakini siku ya soko alijifunika blanketi na kuigiza mbele ya watu asiowajua kama mtu aliyezoea.

Walipomaliza, mwanamke mmoja aliyekuwa anauza mafuta ya mawese alisimama. "Wenu iko muzuri," alisema. "Sasa muone wetu."

Alionyesha mzimu wa msituni, unaotembea kinyumenyume na kuita watu kwa sauti ya mama zao. Alipogeuza uso taratibu, Mukashema alimkamata Adelaïde mkono kwa nguvu. Kisha mzimu ukapiga chafya, soko zima likacheka, na Mukashema akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

Kamyo ilikuwa inapakia mizigo ya kurudi Masisi. Constance alikuja kuwaambia wafanye haraka.

"Iende," Mukashema alisema, akijitengenezea mahali pa kukaa. "Huyu mama anasema iko na muzimu ingine."