Mwanamke Aliyenitafutia Nyumba Kasongo

Nilifika Kasongo nikitokea Wamaza, cherehani yangu imefungwa nyuma ya baiskeli ya kukodi na binti zangu wakitembea kando. Mume wangu alikuwa amefariki, na ndugu zake walinieleza, kwa upole lakini bila kuficha, kwamba nyumba tuliyokuwa tunakaa ilikuwa yao. Kwa majuma machache tulilala kwa dada mmoja wa kanisa letu. Alitupokea vizuri, ila sebule yake ilikuwa ndogo, na kila asubuhi nilimwona mume wake akituruka miguu ili atoke nje.

Sikujua nyumba inatafutwaje mjini. Kwetu mtu akihitaji nyumba anaomba kiwanja, anafyatua matofali, ndugu wanamsaidia kupandisha kuta. Kasongo kuna makomisioneri, watu ambao kazi yao ni kuwatafutia wengine nyumba: wanajua chumba gani kimebaki wazi, nani anahama, nani anauza parseli yake, yaani kiwanja chake. Wa kwanza niliyempata alinionesha chumba kizuri sana, akachukua pesa ya kunitembeza, na kesho yake nilipobisha mlango nilikuta familia nzima ndani inakunywa chai. Hawakuwa wamesikia habari yoyote ya kuhama. Baba mwenye nyumba alinihurumia, akaniambia nimtafute mama mmoja anayekaa kwenye benchi karibu na duka la dawa, pembeni ya soko. "Yule haongopi," alisema. "Anaweza kukukasirisha, lakini haongopi."

Nilimkuta hapo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mtandio kichwani, viatu vya plastiki miguuni, na sauti ya mtu aliyezoea kuita jirani ng'ambo ya ua. Benchi ile ndiyo ilikuwa ofisi yake. Nilimweleza shida yangu. Badala ya kunijibu aliangalia mawingu.

"Tungoje mvua," alisema.

"Mvua? Mama, ikinyesha tutatembea namna gani?"

"Tutatembea vile vile. Nataka uone nyumba wakati maji yanaanguka. Wakati wa jua zote ziko nzuri."

Mvua ilipoanza tulitoka, kila mmoja na kipande cha nailoni kichwani. Kwenye nyumba ya kwanza maji yalikuwa yanadondoka katikati ya chumba, na alimwambia mwenyewe mbele yangu: "Papa, tengeneza kwanza mabati, kisha uniite." Mzee alicheka tu, nikajua si mara ya kwanza kuambiwa vile. Nyumba nyingine ilikuwa kavu, vyumba viwili na baraza ya kuwekea cherehani. Nilikuwa tayari kusema ndiyo, naye akanizuia kwa mkono.

"Ngoja nikuambie ubaya wake. Mwenye nyumba ni mutu muzuri, lakini anapenda kupita kila wakati kuangalia ua wake. Kisima kiko mbali. Na musikiti iko hapa nyuma, adhana ya alfajiri itakuamusha. Nyinyi ni wakristo, sivyo? Mutaweza?"

"Kwetu ni kengele ya misheni ilikuwa inatuamusha, mama."

"Basi mumezoea," alisema, na hapo ndipo nilipomwona akicheka kwa mara ya kwanza.

Tuliingia nyumba ile, na hadi leo ninashona kwenye baraza yake. Mtu anayeshona barabarani husikia mambo mengi. Wapita njia walianza kuniuliza kama ninajua chumba, nami nikawa nawapeleka kwa yule mama. Baadaye alianza kuniita nimsindikize kwa wateja, hasa wanawake waliokuja na watoto, akisema kwamba mtu hukubali vizuri zaidi akimwona aliyepangishwa na hakujuta. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika kazi hii bila kuitafuta.

Na kazi ilikuwa nyingi. Watu wa dhahabu walikuwa wanafika kutoka Bukavu, Uvira na kwingine, wengine wanakwenda kuchimba upande wa Lusangi, wengine wanabaki mjini kununua na kuuza. Familia za vijijini nazo zilikuwa zinakuja kila vita ilipowasogelea. Wenye nyumba waliona jinsi watu walivyoongezeka, wakaanza kupandisha bei ya vyumba vilevile vya jana. Vijana nao waliona kwamba kinachohitajika ni simu tu, na siku hizi picha za nyumba zinazozunguka kutoka simu hadi simu ni nyingi kuliko nyumba zenyewe. Hakuna aliyekuwa anawauliza wamejifunza wapi. Mimi mwenyewe nilifikiri ni kazi ya maneno, mpaka lilipotokea jambo la nyumba ya barabara ya misheni.

Ilikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma, baraza pana, ua wenye michungwa. Aliyeishi ndani alikuwa mwanaume wa umri wangu, mtoto wa marehemu aliyeijenga. Alitaka kuiuza ili anunue mashine ya kusagia mawe huko kwenye machimbo. Mnunuzi alikuwepo tayari, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Uvira aliyechoka kupanga vyumba na aliyetaka kuleta mke wake. Karatasi zilikuwepo, shefu wa mtaa alikuwa anamjua muuzaji tangu utoto. Wote wawili walikuwa na haraka. Komisioneri yeyote angeshukuru Mungu.

Mama alikaa barazani, akamuuliza muuzaji: "Mulizaliwa wangapi mu nyumba hii?"

"Niko peke yangu na dada yangu. Aliolewa Wamaza zamani. Haji tena huku."

"Anajua unauza?"

"Mama, yule ni mwanamuke. Aliolewa. Nyumba ya baba ni ya nani?"

Nilimwona yule mama akipapasa tofali la ukingo wa baraza kwa kidole. Kisha akasema hatamaliza biashara hii bila kumsikia dada. Muuzaji alikasirika sana. Alisema makomisioneri wamejaa sokoni, atampata mwingine kabla ya chakula cha mchana, na ilikuwa kweli. Ila mnunuzi, ambaye alikuwa amesimama pembeni, aliomba wangoje kidogo.

Tukiwa njiani kurudi aliniuliza: "Wamaza ni kwenu. Utanionesha njia?"

Tuliondoka alfajiri, kila mmoja nyuma ya motari wake, dereva wa pikipiki ya kukodi. Kwenye madimbwi tulishuka na kutembea, kwenye daraja la magogo tuliwaacha motari wavushe pikipiki peke yao huku sisi tukipita polepole tumeshikana mikono. Mama hakuwa mtu wa kupanda pikipiki; alikuwa ananung'unika dua njia nzima. Mimi nilikuwa na woga wangu mwingine. Sikuwa nimerudi Wamaza tangu nilipoondolewa, na tulipopita mbele ya nyumba yangu ya zamani niliangalia upande wa pili.

Tulimkuta yule dada shambani anang'oa karanga. Mama alimsalimia, akauliza habari za watoto, akauliza habari za shamba, na ndipo alipomwambia kwamba mdogo wake anauza nyumba ya baba yao.  Dada aliendelea kutikisa udongo kwenye karanga kama hajasikia, kisha akakaa chini palepale kwenye tuta.

"Yale matofali," alisema mwishowe, "maji yake nilichota mimi na mama. Baba alikuwa anafyatua, sisi tunachota. Mudogo wangu alikuwa mugongoni mwangu."

"Unataka nini, binti yangu?" mama alimuuliza.

"Sijui. Hakuna mutu amewahi kuniuliza."

Nilisimama pale nikiangalia miguu yangu. Nilifikiria siku niliyoondoka kijijini humu na jinsi ambavyo nami hakuna aliyeniuliza, na machozi yalinitoka bila kelele. Mama aliniona, akanipa ncha ya mtandio wake nijifute, akaendelea kumngoja yule dada ajibu.

Dada aliomba ruhusa kwa mume wake, akafunga nguo chache, na tulirudi naye Kasongo. Alipoingia uani alikwenda moja kwa moja kwenye michungwa, akagusa gome, ndipo akamgeukia mdogo wake.

"Ungenituma mutu," alimwambia. "Ungeniambia tu."

Mdogo wake, ambaye siku zote hizo alikuwa amejaa maneno, alishindwa kumtazama. Alianza kueleza habari ya mashine, akakwama. Dada alisema hataki nyumba iuzwe. Mfanyabiashara, aliyekuwa anatungoja barazani, aliinuka kwenda zake, na niliona faida yetu yote ikielekea mlangoni pamoja naye. Mama alimwita.

"Bwana, keti kidogo. Wewe unataka nyumba ao unataka mahali pa kuishi na bibi yako?"

Alisimama, akafikiri. "Mahali pa kuishi."

"Basi panga. Panga kwa miaka, si kwa miezi, na utoe kodi ya mbele. Paa lile la jikoni limechoka, utengeneze kwa pesa yako, na hawa watakukatia kwenye kodi. Mudogo atapata kitu cha kuanzia kazi yake, dada atapata sehemu yake, na nyumba itabaki."

Walizungumza hadi jua lilipopinda. Kulikuwa na kupandisha sauti, kulikuwa na kutoka nje na kurudi. Mwishoni walikubaliana mbele ya shefu wa mtaa. Mfanyabiashara alituambia, akiwa ameshakunywa maji aliyoletewa, kwamba huko kwao alinunua parseli kwa haraka, na alipoanza kuchimba msingi walitokea wenye kiwanja wengine, kila mmoja na karatasi yake. "Ndiyo sababu niliomba tungoje," alisema. "Nilisikia mama anauliza swali ambalo siku ile hakuna aliyeliuliza."

Mke wake alifika kabla ya kiangazi. Mdogo mtu hakununua mashine kubwa aliyoiota. Aliingia shirika na wenzake, na anaendelea taratibu. Dada huja baada ya mavuno, na mke wa mfanyabiashara humtandikia chumba cha nyuma bila kuambiwa.

Habari ile ilisambaa sokoni kwa namna ambayo hatukutegemea. Wenye nyumba walianza kumfuata mama benchini kwake. Wajane walianza kuja pia, si kutafuta vyumba tu, bali kuuliza: kama nilikaa na mume wangu parselini, jina langu lilitakiwa kuandikwa wapi? Makomisioneri vijana ambao zamani walikuwa wanamcheka kwa kuwa hana picha kwenye simu, sasa wamejikusanya na kuomba aongoze umoja wao. Wanataka kadi, wanataka kutambuliwa na ofisi ya mji, wanataka kila aliyekula pesa ya kutembeza na kupotea asiruhusiwe tena kufanya kazi. Sijui kama yote yatafaulu. Nilihudhuria mkutano wao mmoja, kijana mmoja aliinuka na kuuliza wataishije ikiwa watakataa biashara kama mama alivyokataa ile. Mama alimjibu kwamba yeye hakukataa, alichelewesha, na kwamba mnunuzi yule ameshamletea wateja wengine watano wa kwao. Vijana walicheka, lakini niliona wanafikiri.

Jambo ambalo wengi hawakulijua ni kwamba mama aliyewapa watu wengi hivyo paa la kulala yeye mwenyewe alikuwa mpangaji, miaka yote. Mwaka huu ameanza kujenga kwenye kiwanja chake upande wa kwenda mtoni. Jumapili, nikitoka ibadani, napita na binti zangu kumsaidia kubeba maji ya kukandia udongo, na mara nyingi nawakuta wale vijana wa umoja wameshafika, wamevua mashati, wanabishana juu ya upana wa mlango. Kuta zimefika madirishani.