Tromboni ya Apondi na Tuba Zilizotazama Mbinguni

Kitu cha kwanza kinachoonekana kwa Apondi ni mdomo wake. Katikati ya mdomo wa juu kuna duara hafifu, mfano wa alama inayoachwa na kikombe mezani, na duara hilo haliondoki hata akipaka rangi. Wengi hulidhania kovu. Wapigaji wa vyombo vya shaba hawaulizi. Wanajua hiyo ni alama ya mtu aliyepuliza tromboni tangu akiwa msichana wa shule. Kitu cha pili huchukua muda kuonekana: mwanamke huyu hutabasamu sana na husahau kidogo sana.

Apondi ni mzaliwa wa Kisumu. Anafanya kazi katika kampuni ya bima mjini Johannesburg, na Jumapili anasali Berea, katika kanisa lililojaa Warundi na Wakongo, na Wakenya wachache kama yeye. Kanisa hilo lina kikosi cha ngoma na shaba. Yeye ndiye aliyeanzisha safu yake ya tromboni, wapigaji wanne, watatu kati yao aliwafundisha yeye mwenyewe, kuanzia namna ya kushika pumzi.

Kila mwaka, Siku ya Urithi, jiji zima likiwa linachoma nyama na moshi umetanda hadi kwenye robot, taa za kuongozea magari, makanisa ya wageni hushindanisha vikosi vyao katika uwanja wa raga wa shule moja. Kikosi huingia kwa gwaride, hupiga huku kikitembea, na majaji huangalia unyoofu wa mistari na kusikiliza sauti. Kombe lenyewe ni dogo. Maneno yanayosemwa juu yake mwaka mzima ndiyo makubwa.

Mwaka jana mkaguzi wa uwanja alikuwa Chege, Mkenya mwenzake, meneja wa benki na kiongozi wa kikosi cha kanisa moja la kaskazini mwa jiji. Chege alikuwa ameishawishi kamati ya mashindano kwamba tromboni haina nafasi katika gwaride, na kura ilikuwa imepigwa wakati mwakilishi wa Berea yuko safarini. Hakuna aliyempelekea Apondi habari. Alifika getini na wenzake watatu, sare zimenyooshwa, glavu nyeupe mkononi, na Chege akanyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Tromboni ni chombo cha harusi, madam," alimwambia, kwa sauti ya kutosha kusikika na safu nzima. "Huku ni gwaride. Kaeni na wazazi."

Wakakaa na wazazi. Kikosi cha Berea kiliingia bila wao, na kikapiga vizuri mpaka kilipofika pale katikati ya wimbo ambapo ngoma zote hushuka na tromboni hujibu peke yake. Ngoma zikashuka. Hakuna aliyejibu. Katika ukimya ule mtu mmoja jukwaani akapaza sauti, "Loadshedding!" kana kwamba umeme umekatwa kwa mgao, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Apondi aligeuka kumtazama Chege. Chege naye alikuwa anacheka, tena alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayejaribu kujizuia kwa adabu. Huko kuinamisha kichwa ndiko kulikomchoma zaidi.

Apondi hakugombana. Mwezi uliofuata aliomba awe mwakilishi wa Berea katika kamati, akakubaliwa. Alipoomba suala la tromboni lijadiliwe upya, Chege alimkumbusha kwa upole kwamba kwa desturi ya kamati neno lililopigiwa kura halifunguliwi mpaka mwaka upite. Apondi akasema ameelewa, kisha akamuuliza habari za watoto. Tangu siku hiyo alikilea kinyongo chake kama mtu aleavyo unga wa mandazi: alikikanda vizuri, akakifunika, akakiweka penye joto.

Alianza kusikiliza. Vikaoni watu walibishana kuhusu shaba kama wanavyobishana kuhusu siasa za nyumbani. Herménégilde, mzee wa Kirundi anayeongoza kikosi cha Joubert Park, alishikilia kwamba mjadala wote ni wa kipuuzi kwa sababu ngoma ndiyo mwenye nyumba na shaba zote ni wageni. Mgeni akaribishwe, lakini asipewe kitanda cha mwenye nyumba. Wengine walitaka tarumbeta tu. Chege alikuwa na hoja nyingi kuliko wote, maana kila jioni alitazama video za vikosi vya Marekani. Kwake yeye kikosi cha ngoma si bendi ya kanisa inayotembea. Ni jeshi la sauti.

Apondi akamfuata kwenye mapenzi yake. Siku moja ya choma nyumbani kwa Chege, wakati wengine wanajadili mpira, alisogea karibu na jiko na kumuuliza kwa unyenyekevu mbona katika zile video vyombo vyote, hata vile vikubwa vya besi, vinaelekeza mdomo mbele. Chege aliweka koleo chini. Alimweleza kwamba hiyo ndiyo siri ya kila kitu: sauti hurushwa kwa majaji kama jiwe, haimwagwi ovyo. Alieleza mpaka nyama ya upande mmoja ikaungua.

"Hayo maneno uyaseme kikaoni, kaka," Apondi alimwambia. "Watu wetu hawajawahi kuelezwa hivyo."

Chege alifurahi kupata mwanafunzi. Hakuwaza juu ya tuba zake mwenyewe. Kikosi chake kilikuwa na tuba nne za besi na baritoni tatu, wadogo zao tuba, zote za mtindo wa zamani, zawadi ya kanisa moja lililofunga bendi yake. Zote zilikuwa za aina ile ambayo mpigaji huipakata kifuani na mdomo wa chombo hutazama juu. Hilo halikuwa jambo la kushangaza. Chege alikulia katika bendi ya kanisa, na katika bendi za kanisa za nyumbani tuba hutazama juu kama mnara unavyotazama juu. Alikuwa ameziona hivyo tangu utotoni, na mtu hatazami paa la nyumba yake mpaka livuje.

Kikao cha kupanga sheria za mwaka huu kilifanyika mwezi wa nane katika ukumbi wa kanisa la Berea, upepo ukipuliza vumbi chini ya mlango. Mwenyekiti alikuwa Victorine, muuguzi wa Kikongo asiyepandisha sauti. Mwaka ulikuwa umepita, kwa hiyo suala la vyombo lingefunguliwa, na Chege alitaka kulifunga mara moja na kwa muda mrefu. Alisimama akatoa hotuba ileile ya kando ya jiko, ila ndefu zaidi. Akapendekeza masharti mawili: chombo cha shaba kitakachoingia uwanjani kiwe kinaelekeza mdomo mbele kinapopigwa, na kiwe na vitufe vya kubonyeza. Tromboni haina vitufe, ina mkono wa kuvuta na kusukuma tu. Kila mtu alielewa sharti la pili limetungwa kwa ajili ya nani, na baadhi wakamtazama Apondi kwa huruma. Yeye alikuwa anamenya chungwa.

Herménégilde aliomba kusema. Alikumbusha kwamba vijana wake wanapiga tarumbeta fupi za kijeshi, ambazo tangu zitengenezwe hazijawahi kuwa na kitufe hata kimoja. Je, nao wakakae na wazazi? Warundi wakaguna, na ukumbini humo Warundi ndio waliokuwa wengi. Chege hakuwa amelifikiria hilo. Apondi ndiye aliyelifikiria, na alikuwa amekunywa chai kwa Herménégilde Jumapili mbili mfululizo kuhakikisha mzee naye analifikiria.

Chege akapiga hesabu ya haraka ya kura, akaona atazikosa zote. Alisema basi, vitufe viachwe, na suala la tromboni lijadiliwe peke yake baadaye, maadamu kanuni kubwa ya mdomo kuelekea mbele ipite. Victorine akauliza mara mbili kama hilo ndilo pendekezo lake. Chege akasema ndilo, na kwamba chombo kisichowatazama majaji usoni ni heri kibaki nyumbani. Mikono ikapanda. Mkono wa Chege ulikuwa wa kwanza, umenyooka kuliko yote. Mkono wa Apondi ulikuwa wa pili.

Baada ya kura kuhesabiwa na matokeo kutangazwa, Apondi alifuta mikono yake, akafungua kasha lililokuwa chini ya kiti na kuinua tromboni. Alisimama katikati ya ukumbi kama vile yuko uwanjani, akageukia alipokaa Chege, akapiga ile sehemu ya wimbo ambayo mwaka jana haikusikika. Mkono wa tromboni ulinyooka hadi hatua moja kutoka tai ya Chege. Alipomaliza hakukaa.

"Mama mwenyekiti, naomba kamati iniambie. Chombo hiki kinatazama wapi?"

"Mbele," alisema Victorine.

"Basi kimeingia kwa kanuni ya kaka Chege, sihitaji mjadala mwingine. Na tuba za kikosi chake zinatazama wapi?"

Chege aliinua kichwa. Macho yake yalipanda polepole hadi kwenye dari, kana kwamba anazifuata tuba zenyewe.

"Kwa Mungu," alisema Herménégilde.

Ukumbi ulicheka mpaka Victorine akagonga meza. Chege aliomba pendekezo lirudiwe, akisema lina kasoro ndogo ya maelezo. Victorine, bila kupandisha sauti, alimkumbusha desturi: neno lililopigiwa kura halifunguliwi mpaka mwaka upite.

Nje, kwenye maegesho ya magari, Chege alimngoja. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alimwambia kwamba amewaumiza watu saba wasio na hatia kwa ajili ya jambo la kipuuzi la mwaka jana, na kwamba hiyo ni roho mbaya, tena kwa mtu wa nyumbani.

"Si roho mbaya, kaka," Apondi alijibu, akipakia kasha kwenye buti. "Ni gwaride."

Aliendesha gari akiimba. Kwa muda mrefu hakuwa amelala vizuri kama usiku ule.

Lakini ni kweli wale saba walikuwepo, na mmoja wao alikuja. Jina lake Bakiri, fundi wa majokofu, mtu wa Tanga aliyepiga matarumbeta ya harusi miaka mingi kabla ya kuhamia huku. Kwa tuba hakuna anayemkaribia jijini. Akipiga, watu husema wanaisikia kwenye nyayo. Alimkuta Apondi baada ya mazoezi, akamsalimia kwa utaratibu, akauliza hali, kazi, na afya ya mama Kisumu, kisha ndipo akasema lililomleta.

"Nyinyi mmepigana, dada. Mimi ndiye nyasi."

Apondi alihisi kitu kikimchoma, lakini hakikumchoma kwa muda mrefu, kwa sababu hapohapo aliona njia. Katika stoo ya kanisa kulikuwa na tuba mbili za begani, zenye mdomo mpana unaotazama mbele, zilizotoka kwa bendi ya shule iliyovunjika kule Soweto. Moja haikuwa na mpigaji. Alimpeleka Bakiri stoo. Fundi yule aliipandisha begani, akaizungusha shingo kutafuta mkao, akapuliza sauti moja ndefu ya chini. Madirisha yakatetemeka. Apondi aliwaza kikosi cha Chege kikiingia bila besi hata moja, chepesi kama supu ya maji, na mpigaji wake bora akitembea katika safu ya Berea, mbele ya macho yake.

"Nenda nayo, uizoee," alimwambia. "Uje nayo Siku ya Urithi."

Bakiri alishukuru sana, akaifunga kwa blanketi kwenye gari lake la kazi, akaondoka.

Ilikuwa siku iliyofuata, akiwa kazini, ndipo Apondi alipoyasikiliza upya maneno yake mwenyewe na kugundua kwamba hakutaja sare. Hakusema aje na Berea. Na kwa watu wa shaba chombo kilichoazimwa kabla ya shindano hakidaiwi mpaka shindano liishe. Kukidai ni kumlaani mpigaji, na hakuna ambaye angesimama karibu na mtu aliyefanya hivyo. Kama Bakiri ataingia uwanjani na kikosi cha Chege, basi adui yake ataokolewa na tuba ya Apondi, kwa mkono wa Apondi.

Alimpigia simu. Bakiri alikuwa mchangamfu. Alisema chombo ni kitamu, kinamtii, mke wake tu ndiye anayelalamika kuhusu kelele. Apondi aliuliza, kwa namna ya kupitia tu, kama ameshapata vipimo vya sare. Bakiri alicheka, akasema kuna mteja anamsubiri na jokofu lake limejaa samaki. "Tutaonana uwanjani, dada, inshallah."

Kutoka kaskazini habari zinazokuja ni nusunusu. Wengine wanasema Chege amejiondoa. Wengine wanasema ameonekana akifanyisha mazoezi safu mpya, na kwamba anatabasamu.

Siku ya Urithi ni wiki ijayo. Tromboni nne zimeng'arishwa mpaka mtu anaweza kujitazama ndani yake. Katika mpango wa gwaride Apondi ameacha nafasi moja wazi, nyuma ya safu yake, upana wa mtu mmoja aliyebeba tuba begani, na kila zoezi kikosi kinatembea na pengo hilo katikati yake. Wenzake walipomuuliza kama si vyema kuliziba, akakataa. Amebadilishana pia zamu na mjumbe mwenzake wa kamati: mwaka huu yeye ndiye mkaguzi wa getini, na atasimama pale tangu asubuhi, vikosi vyote vipite mbele yake kimoja baada ya kingine, hadi aione ile tuba inakuja na aone aliyeibeba amevaa sare ya kikosi gani.