Mama Njeri Aliponiuliza Njia Ulaya

Hiki kisa sikuhadithiwa na mtu. Kilinipata mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu zote, na sikuwa nimeonja hata ile divai ya bure ya ndegeni. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kisha unisikilize.

Naishi Kiplombe, hapa nje ya Eldoret, ingawa kwetu ni upande wa ziwa. Nilikuja huku ujanani kufanya kazi ya ukarani, nikanunua kaploti, nikajenga. Jirani yangu alikuwa Mama Njeri, mjane mwenye ng'ombe wawili. Binti yangu Akinyi alikua kwa maziwa ya huyo mama.

Kura zilipoharibika na nyumba za watu wa kabila lake zikaanza kuchomwa, tulimficha Mama Njeri chumbani kwetu. Nyumba yake iliungua tukiitazama dirishani. Vijana wenye mishale walifika mpaka mlangoni kwangu, nikawaambia hakuna mtu ndani isipokuwa mke wangu na mtoto. Sauti yangu haikutetemeka. Kulipopoa kidogo tukamfikisha kanisani, lori likampeleka kambini, na baada ya kambi tukapotezana. Watu walinisifu sana. Sikuambii hayo ili unisifu na wewe. Ngoja usikie.

Miaka ikapita. Akinyi akaenda Kanada kuwa nesi, akapata mchumba, akanitumia tiketi. "Enda wewe," mke wangu akasema, "baba ndiye hupeleka msichana madhabahuni."

Nilitakiwa kubadilisha ndege kwenye uwanja mmoja mkubwa wa Ulaya, na ndege yetu ilichelewa kutoka Nairobi. Bahati nzuri, niliketi karibu na bwana mmoja Mkenya, suti safi, mtu wa kusafiri kila mara. "Usijali, Mzee," akaniambia. "Tutashuka pamoja, nitakuonyesha geti yako." Tuliposhuka nikamganda kama kupe. Ule uwanja, wacha tu! Ukikosea kona moja utatokea mji mwingine. Ngazi zinatembea zenyewe, sakafu inang'aa mpaka unaogopa kuikanyaga. Tulikuwa tunatembea mbio mbio, yeye mbele, mimi nyuma na kikoti changu cha harusi mkononi, ndipo nikasikia:

"Baba Akinyi!"

Niambie, nani atakuita hivyo Ulaya?

Niligeuka. Mama Njeri alikuwa amesimama chini ya skrini kubwa ya ratiba za ndege. Leso kiunoni, mkebe wa maziwa mkononi, gambuti za mpira miguuni zimejaa tope jekundu, tope bichi. Alinuka moshi. Si moshi wa jikoni, ule wa godoro na mabati.

"Baba Akinyi, ni Mungu amekuleta," akasema. "Nimezunguka hapa mpaka nimechoka. Kila mlango naambiwa si huu. Hebu nionyeshe, njia ya kwenda nyumbani ni gani?"

Unadhani nilishtuka? Unadhani nilijiuliza amefikaje hapo? Niamini, kitu cha kwanza kilichonishika hakikuwa woga. Ilikuwa aibu. Niliangalia zile gambuti, kisha nikamwangalia yule bwana wa suti, ambaye alikuwa amesimama akinitazama. Nikawaza, ataniona mtu wa aina gani? Nikamjibu Mama Njeri kwa Kiingereza, mtu ambaye maisha yetu yote tumeongea naye Kiswahili kwenye ua uliotenganisha nyumba zetu.

"Sorry, madam. I don't know you."

Hakubishana. Aliinamisha macho, akasema polepole, vile unavyomwambia mtu usiyemjua, "Haya. Pole kwa kukusumbua."

"Mzee," bwana wa suti akaita, "unaongea na nani?"

"Na huyu mama."

"Mama gani?"

Nikageuka. Watu walikuwa wanapita na masanduku yao. Yeye hakuwepo. Sakafu ilikuwa kavu, safi, hata chembe ya tope hakuna.

Nilikimbia. Nilikuwa wa mwisho kuingia kwenye ndege ya Kanada, mlango ukafungwa nyuma yangu. Nilipofika nikampigia mke wangu simu kumwambia nimefika salama. Akasema, "Baba Akinyi, Mama Njeri ametuacha. Kijana wake Kamau alikuja hapa. Mama aliomba azikwe kwake Kiplombe, lakini waliokaa kwenye ile ploti wamekataa. Wamemzika mbali huko, hata jirani wa kumlilia hakuna."

Nilimpeleka binti yangu madhabahuni. Kwenye picha ninacheka. Siziangalii.

Niliporudi nilimtafuta Kamau. Nilitaka kumwambia yote, nakuapia. Nikaanza: nilimwona mama yako, aliniuliza njia ya nyumbani. Hakucheka. Aliweka kikombe chini.

"Ukamwonyesha?"

Na mimi, mzee mzima, nikasema, "Nilimwonyesha."

Alinishika mikono yote miwili akalia. "Asante, Mzee. Umemwokoa mara mbili." Sasa anakisimulia kisa hicho kila mahali, na watu wa kanisa lao huja kunisalimia na kunishika mkono. Mimi hucheka nao. Wakiondoka, siwezi kula.

Sikumwogopa mwenye mshale, nikamwogopa mwenye suti, tena yeye hakuwa anaona chochote.

Kwa hivyo wewe unayenisikia, hata uwe na haraka ya namna gani, hata uwe mbele ya nani, mtu wenu akikuita, itika. Usiangalie amevaa nini. Mimi kila ninapokaribia kulala naona yule mama akienda mlango kwa mlango, na hakuna anayemjua.