Benchi la Karibu na Mlango

Katika kanisa letu, upande wa Kalamba, aliyetengwa haambiwi akae wapi. Anajua mwenyewe. Anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, na meza ya Bwana ikifika anatoka nje, anasimama kwenye kivuli cha tangi la maji mpaka wenzake wamalize. Mume wangu alikaa pale miaka mingi, hata watoto wetu wakadhani ni mahali pake tu, kama vile pasta alivyo na pake.

Alitengwa kwa ajili ya pombe. Jumapili moja aliingia amelewa, akakaa mbele na wanakwaya, akaimba kuwashinda wote. Watu walicheka, nami nilicheka kidogo. Kisha wazee wa kanisa wakakutana, na hakuna aliyecheka tena. Ili mtu arudishwe ni lazima asimame mbele ya kanisa, aseme kosa lake kwa mdomo wake, halafu pasta aulize ni nani wanaompokea, na watu wainue mikono. Mume wangu aliogopa mikono hiyo. "Wakikosa kuinua je?" aliniuliza. Aliacha pombe, akaanza tena, akaacha. Mwaka wake wa mwisho hakunywa, lakini siwezi kuapa kwamba asingeanza tena. Namjua.

Aliugua kifua mvua zilipokuwa zinaanza. Hospitalini walimlaza siku chache, akafa mchana, nikiwa nimetoka kumtafutia uji.

Wazee walikuja nyumbani pamoja na pasta kuongea juu ya mazishi. Pasta wetu anahudumia makanisa kadhaa, kwa hivyo hatumwoni kila Jumapili. Sheria wote tuliijua: aliyekufa akiwa ametengwa haingizwi kanisani. Kabla hawajaketi, wifi yangu, dada wa marehemu, alinivuta jikoni.

"Waambie alitubu hospitalini," alisema. "Ulikuwa naye peke yako. Nani atakuuliza?"

"Hao ndio wamekuja kuniuliza."

"Basi wajibu, wifi. Umempikia miaka yote hiyo, unashindwa na neno moja?"

Nilirudi sebuleni na chai. Pasta alishika kikombe bila kunywa. "Mwaitu," akaniita, kama tunavyowaita akina mama huku kwetu, "pole sana. Kuna neno lolote alilosema kabla hajatuacha? Neno la toba?"

Nilijua alichotaka. Alinionea huruma, alikuwa ananionyesha pa kupitia. Nikamwambia ilivyokuwa. "Aliuliza kama ng'ombe amekunywa maji. Akauliza kama mvua imeingia kwenye matuta. Hakusema lingine."

Wifi yangu aliweka birika mezani kwa nguvu.

Ndipo mzee mmoja wa kanisa, jirani yetu wa ng'ambo ya mto, akaongea huku akiangalia kofia yake magotini. "Alikuja kwangu. Nilikuwa napura ndengu. Alisimama pale kitambo, kisha akasema, nimechoka kukaa karibu na mlango. Nikamwambia ngoja pasta aje, Jumapili ya meza ya Bwana, tufanye kwa utaratibu. Nikaendelea na ndengu zangu."

"Alisema anatubu?" pasta akauliza.

"Alisema hivyo nilivyosema."

"Mnataka maneno mangapi?" wifi yangu akadakia. "Huyo kaka yangu hata siku ya kuposa hakuongea hayo yote."

Ni kweli, hakuongea. Pasta akasema sheria ni ya kanisa, si yake, na msamaha ni wa Mungu, si wake. Tukamzika nyumbani. Pasta alikuja akaomba kama jirani, bila kola yake. Akina mama wenzangu walikuja bila vitambaa vyao vyeupe vya sare, wakaimba. Watu wangu kutoka Ikutha hawakuona tofauti, walipiga picha kwa simu na kusema mazishi yamefana. Mimi nilikuwa naangalia vile vichwa visivyo na vitambaa.

Tangu siku hiyo swali langu ni lile lile. Kwamba Mungu husamehe, naamini, nimefundishwa hivyo tangu utoto. Lakini mtu aliyefika mlangoni akaambiwa angoje? Nikipalilia nauliza. Nikichota maji nauliza.

Jumapili ya meza ya Bwana ilifika, ile ambayo angesimama. Pasta aliuliza kama kuna mwenye jambo la kutengeneza. Yule mzee aliweka chini sinia ya mkate aliyokuwa ameishika, akaenda mbele.

"Mtu alitaka kurudi," alisema, "nikamwambia angoje. Akafa akingoja. Nimekosa."

Hakulia. Alisimama tu, mikono ikining'inia, viatu vyake vina vumbi la njiani.

"Nani wanampokea ndugu yetu?"

Mikono ilipanda kanisa lote, haraka, bila mtu kusita. Ndiyo hiyo mikono mume wangu aliyoiogopa. Hata kwake ingepanda hivyo hivyo. Niliona wazi, na kuona huko kuliniuma kuliko mazishi. Mkono wangu ulikuwa mzito juu ya goti. Mzee hakuniangalia, na pasta pia alijitahidi asiniangalie. Nilikuwa kwenye benchi lile la nyuma, kwa sababu tangu tumzike sijaweza kukaa kwingine.

Mwishowe niliuinua. Siwezi kudanganya kwamba nilikuwa nimemsamehe yule mzee. Nilifumba macho, nikauacha juu mpaka ukaniuma begani, hata baada ya wengine kushusha yao. Sijui Mungu aliuhesabu kwa nani.