Maganda Mekundu Ndani ya Sehemu ya Pili

Wateja wa Elieth pale soko la Majengo, Dodoma, walijua karanga zake haziungui na kipimo chake hakina hila. Wasichokijua ni kwamba mama huyu mwenye miaka arobaini na ushee alikuwa anakosa raha kwa sababu ya kitabu cha vijana.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha binti yake, Tumsifu. Likizo ya Desemba walikisoma pamoja nyumbani kwao Chang'ombe, kwa utaratibu wao wenyewe: mmoja anasoma sura kwa sauti, mwingine anafikicha karanga zilizokaangwa ili maganda mekundu yatoke, kisha wanapokezana. Kilihusu kengele ya shule iliyoibwa kijijini, na msichana mpekuzi, Sechelela, aliyeapa kumpata mwizi. Mwandishi, bila haya, alimaliza sehemu ya kwanza kengele inasikika mlimani na mwizi hajulikani. Tumsifu alimshuku mlinzi. Elieth alimshuku mwalimu mkuu, maana hakupenda alivyokuwa akikohoa kila kengele ilipotajwa. Binti alipoondoka kurudi shule ya bweni, waliahidiana kwamba sehemu ya pili ikipatikana, hakuna atakayeigusa peke yake.

Baada ya Pasaka, Habibu, anayeuza vitabu karibu na meza ya Elieth, alimletea sehemu ya pili. Elieth aliifunga kwenye khanga, akaiweka chini ya godoro. Subira huvuta heri, alijiambia. Subira hiyo ilidumu mpaka jioni.

Alianza na sura ya kwanza, ya kuonja tu. Aliegemeza kitabu kwenye debe, mikono ikiendelea na kazi, kwa kuwa karanga za kesho hazingoji mwizi wa watu apatikane. Akaonja ya pili. Wiki haijaisha alikuwa amefika mwisho, na mwisho ule ulimkasirisha, kisha ukamliza. Mwizi hakuwa mlinzi wala mwalimu mkuu. Alikuwa mama yake Sechelela, mjane mpole ambaye hakuna msomaji angemnyima chumvi. Binti yake alikuwa anakaribia kufanya mtihani wa kumpeleka kusoma mbali, na yeye, kwa akili ya uchungu, aliona kengele ikinyamaza masomo yatavurugika, na mtoto hataondoka.

Elieth alitaka kumgombeza mwanamke yule. Alitaka pia kumkaribisha chai. Ila lililomkera zaidi ni kwamba mwandishi alimfanya Sechelela asamehe kwa mistari miwili, kisha hadithi ikaisha. Mtoto wa kweli angesemaje? Hilo ndilo alilotaka kulijua, na aliyeweza kumjibu alikuwa bwenini. Akarudisha kitabu chini ya godoro, akangoja Juni.

Juni ikafika, Tumsifu naye akafika, amerefuka, shikamoo yake ya harakaharaka. Mama alipotoa kitabu, binti alikitupia jicho akasema siku hizi wenzake wanasoma vingine, hicho ni cha watoto. Iliuma, tena sana. Elieth alijiona mjinga kwa kungoja miezi yote ile.

Huenda Tumsifu aliuona uso wa mama yake, kwa sababu alikichukua akasema atasoma sura moja. Alipokifungua, ganda jekundu likamdondokea mapajani. Akafunua mbele. La pili hilo.

"Mama, umeshasoma."

Elieth alisema ni upepo. Dodoma upepo husingiziwa mengi. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na maganda yalikuwa yamesambaa hadi sura za mwisho.

Alitegemea binti anune. Badala yake Tumsifu aliketi wima, macho yamechangamka, akaanza kupekua kurasa kama Sechelela mwenyewe. Hapa maganda mengi, akasema, mama alikuwa ametulia. Hapa mawili tu, kuna jambo. Kisha akafika kwenye ukurasa msafi kabisa, akakifunga kitabu upesi jicho lisije likaona mstari.

"Hapa mikono yako ilisimama," alisema. "Usiniambie. Ukifungua mdomo, sili chakula chako likizo nzima."

Wakaanza upya ukurasa wa kwanza. Jioni baada ya jioni walipokezana sura, na kila mama yake Sechelela alipoingia, Elieth aliinamia ungo zaidi ya ilivyohitajika. Tumsifu aliona, akaendelea na sura. Walipofika kwenye ule ukurasa msafi ilikuwa zamu ya mama kusoma, lakini binti hakumpa kitabu. Alisoma mwenyewe, polepole, sauti ikishuka, mpaka yule mjane alipokiri yote. Akakilaza kitabu wazi mkekani.

"Mama, ningekuwa mimi, ungeiba kengele?"

Elieth alikumbuka stendi ya mabasi Januari, alivyompungia Tumsifu mkono huku anacheka, akarudi nyumbani kufikicha karanga za watu wawili peke yake.

"Ningeiba na kamba yake," alisema.

Tumsifu alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasogea karibu, begani kwa mama yake, akachota karanga kwenye ungo, akaanza kufikicha. Maganda mekundu yakaruka, yakatua kwenye ule ukurasa uliokuwa msafi, na hakuna aliyeyapangusa.